Tulipomsikiliza Chopin Bariadi

Safari hii tunawaalika mkoani Simiyu. Wengi wetu tunaoishi karibu na Ziwa Victoria tumezoea kuupita mkoa huu kwa haraka tukielekea Musoma au mpakani Sirari. Tunaona samaki wa kukaanga pale Lamadi, tunanunua, tunaendelea na safari. Mara hii hatukuendelea.

Ukitoka Mwanza unakwenda na ziwa upande wa kushoto, unavuka mto Simiyu wilayani Magu, mto ulioupa mkoa jina lake, kisha unafika Lamadi. Hapo ukinyoosha unakwenda Bunda. Ukikata kulia unaingia barabara ya Bariadi, lami tupu, kilomita kama 70. Mkoa huu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa Shinyanga, na Busega iliyokuwa Mwanza. Wilaya ya tano, Itilima, ilimegwa kutoka Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2, na wengi wao ni wakulima na wafugaji wa Kisukuma.

Tulikwenda mwezi wa Juni, wakati wa kuvuna pamba. Kila baraza lilikuwa jeupe. Akina mama walikuwa wameketi wakichambua, wakitenga pamba safi na fifi, na watoto wakilala juu ya marobota kana kwamba ni magodoro. Mashamba yalikuwa yamekauka, rangi ya mkate, na vilima vya mawe vimesimama huku na huku. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko magari. Tuliposimama kuuliza njia tulijibiwa kwa salamu kwanza, “Mwadila, mayu,” na hakuna aliyetuelekeza njia kabla hatujaitikia vizuri.

Tulikuwa wanne: wauguzi wawili, mwalimu wetu wa kwaya, na dereva. Kazi yetu ilikuwa kuwatembelea wagonjwa majumbani pamoja na akina mama wa huko, siku tano, Bariadi, Itilima na Maswa. Mwalimu wa kwaya alikuja kufundisha nyimbo. Ni yeye aliyeleta flashi yenye jambo tunalotaka kuwasimulia.

Muziki wenye mikwaruzo

Baada ya Lamadi tulikuwa tumekwisha imba mapambio yote tunayoyajua. Mwalimu akamwomba dereva achomeke flashi yake. Tulitarajia kwaya. Badala yake tulisikia mkwaruzo, kama dagaa wanaokaangwa chumba cha pili, na nyuma ya mkwaruzo huo piano moja, peke yake, bila mwimbaji.

Dereva aliuliza kama redio imeharibika. Mwalimu alicheka, akatueleza. Ule ulikuwa muziki wa Frédéric Chopin, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1810 na kuishi miaka yake mingi ya utu uzima Paris, Ufaransa. Aliutunga karibu wote kwa ajili ya piano. Tulichokuwa tukisikiliza ni preludi zake 24, vipande vifupi vilivyochapishwa mwaka 1839. Aliyekuwa akipiga ni Alfred Cortot, mpiga piano aliyezaliwa Uswisi mwaka 1877 na kusomea Paris. Alizirekodi mwaka 1926, na rekodi hiyo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya preludi zote 24. Alirudia tena mwaka 1933 na 1934.

Wasomaji vijana huenda hawajaona santuri ya zamani. Ilikuwa sahani nyeusi, nzito, yenye kuvunjika upesi kama kikombe. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri kubwa ulibeba dakika nne na kitu tu. Ndiyo sababu nyimbo za wakati ule zilikuwa fupi. Kwa bahati, preludi nyingi za Chopin ni fupi pia. Ya saba haimalizi hata dakika moja. Kwa hiyo vipande viwili au vitatu, hata zaidi, viliweza kukaa upande mmoja wa santuri.

Tena, mwaka 1926 hapakuwa na kukata na kuunganisha kama wafanyavyo studio za leo. Maikrofoni yenyewe ilikuwa jambo jipya. Kampuni za santuri zilikuwa zimeanza kuitumia mwaka mmoja tu kabla yake. Mpigaji alikaa, sindano ikachora sauti kwenye nta, na alichopiga ndicho kilichobaki. Akikosea nota, ama aanze upande mzima upya, ama aliache kosa. Cortot anajulikana kwa makosa yake. Mwalimu alitunyoshea kidole mara mbili: “Hapo amegusa pasipo.” Sisi hatukusikia kosa. Tulisikia mtu.

Mkwaruzo nao, baada ya muda, ukawa kama haupo. Sisi wauguzi tumezoea kusikiliza kifua cha mtu na kutafuta sauti ndogo nyuma ya mikwaruzo. Labda ndiyo maana tulikuwa wa kwanza kuuzoea. Na ndipo mwalimu aliposema jambo lililotufanya tukae wima kwenye viti: “Huyu mtunzi alikuwa na kifua kikuu.”

Kitanda cha kuchomwa

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Novemba mwaka 1838 Chopin alikwenda kisiwa cha Majorca, Hispania, pamoja na mwandishi mwanamke wa Ufaransa aliyejiita George Sand, na watoto wawili wa mama huyo. Alikuwa na miaka 28. Walitafuta jua, kwa kuwa kifua chake kilikuwa kikimsumbua. Waliambulia mvua. Chopin akaanza kukohoa vibaya, akatema damu, na waganga watatu wakaja kumtazama. Alimwandikia rafiki yake kwa mzaha kwamba waganga hao hawakupatana kama amekwisha kufa, anakufa, au atakufa.

Habari ya kikohozi ikaenea. Mwenye nyumba aliwataka watoke. Zaidi ya hayo aliwadai gharama ya kuipaka nyumba chokaa upya, na vitu alivyolalia mgonjwa vichomwe. Wenyeji wakawaepuka, nao hawakuonekana kanisani, jambo lililozidisha maneno. Wakahamia Valldemossa, mlimani, katika vyumba vya monasteri ambayo watawa wake walikuwa wameondolewa miaka michache kabla. Palikuwa na baridi na unyevu. Huko ndiko Chopin alikomalizia preludi zake. Mwezi wa Februari 1839 waliondoka kwa meli iliyopakia nguruwe. Walipofika Barcelona, mwenye hoteli naye alidai fedha ya kitanda alicholalia mgonjwa, akisema lazima kichomwe.

Tusiwe wepesi kuwacheka watu wa Majorca. Wakati ule hakuna aliyekuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Huko Paris waganga wengi waliamini kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi na hauambukizi. Wanakisiwa walisema unaambukiza. Katika hilo wao walikuwa sahihi kuliko waganga wa Paris! Walikosea njia. Walidhani ugonjwa umo kitandani, katika shuka na ukutani, kumbe umo katika hewa ambayo mgonjwa anaikohoa na jirani anaivuta. Robert Koch alitangaza kukigundua kijidudu hicho tarehe 24 Machi 1882, miaka 33 baada ya Chopin kufariki. Ndiyo sababu siku hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943.

Chopin alifariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, akiwa na miaka 39. Katika mazishi yake preludi ya nne na ya sita zilipigwa kwa kinanda cha kanisa. Moyo wake ulipelekwa Poland na dada yake, nao umehifadhiwa katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu, Warsaw. Wataalamu walioutazama mwaka 2014 bila kufungua chombo chake walieleza baadaye kwamba yaelekea alikufa kwa madhara ya kifua kikuu kwenye utando wa moyo.

Jioni moja Bariadi

Bariadi ni mji wa biashara. Asubuhi sokoni utapata mchele, dengu, choroko, vitenge, na michembe iliyopangwa kwa visado. Jioni pikipiki hupungua, upepo wa kiangazi hupoa, na watu hukaa nje. Tulilala kwa mama mmoja mjane, mwenye umri wa kutosha kutuita wanawe. Alitupikia ugali wa mtama, maziwa ya mgando na mlenda, akakataa kabisa tuoshe vyombo.

Alipokuwa akiandaa tuliona sahani moja ya bati yenye ukingo wa buluu, imetundikwa peke yake ukutani. Mwenzetu aliipongeza kwa uzuri. Mama akasema, “Hiyo hailiwi, mwanangu. Hiyo ni ushahidi.”

Akatueleza. Miaka mingi nyuma alikohoa miezi mitatu. Majirani walisema amelogwa, wengine wakasema ameharibu mwiko wa ujane. Hatimaye akapimwa, akakutwa na kifua kikuu, akaanza dawa. Siku ile ile ndugu za marehemu mumewe wakamtengea sahani, kikombe na kigoda. Akila, vyombo vyake vilioshwa na yeye peke yake, nyuma ya nyumba. Alimaliza dawa zote, akapimwa tena, akaambiwa amepona. Lakini ile sahani iliendelea kumfuata kwa zaidi ya mwaka. “Dawa zilikwisha,” alisema, “sahani haikwisha.”

Tulimwomba mwalimu alete simu yake. Tukamsimulia mama habari za mtunzi wa Majorca, kidogo kidogo, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma kile tulichonacho. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Tulipofika kwenye kitanda aliinua kichwa. “Kumbe hata kwa Wazungu walichoma?”

Mwalimu akacheza preludi ya nne, ile ya mazishi. Ni rahisi kuielewa hata kama hujui nota. Mkono wa kulia karibu haufanyi kitu: unapanda hatua moja na kushuka, unapanda na kushuka, kama mtu anayevuta pumzi akiwa amechoka. Mkono wa kushoto unagonga taratibu, na kila baada ya muda sauti moja inateremka kidogo. Mwishoni kuna kimya, kisha sauti tatu za chini, basi. Mama hakusema kitu.

Akacheza ya kumi na tano, ambayo watu wameipa jina la matone ya mvua kwa sababu sauti moja inarudiarudia ndani yake tangu mwanzo karibu hadi mwisho. George Sand aliandika kwamba usiku mmoja wa mvua kubwa alirudi na kumkuta Chopin akipiga piano huku akilia. Mama alisikiliza, akasema mvua ya namna hiyo, ya kudondoka polepole bila kuacha, ndiyo wanayoiomba kila Novemba kwa ajili ya pamba.

Mwisho akacheza ya saba, ile isiyomaliza dakika. Ni kama ngoma ndogo ya watu wanaocheza wakiwa wamevaa vizuri. Ilipokwisha mama akasema, “Rudia.” Ikarudiwa mara tatu. Akasema, “Hii aliitunga siku alipopata nafuu.” Mwalimu alitaka kumweleza kwamba hakuna ajuaye ilitungwa siku gani. Tulimkanyaga mguu chini ya meza. Mgonjwa aliyepona anayo haki ya kuitambua nafuu anapoisikia.

Mwaka 1926 kwetu

Usiku ule tulikumbushana jambo. Mwaka huo huo wa 1926, Cortot alipokuwa mbele ya maikrofoni, hapa kwetu ilianzishwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Wakati huo matibabu yalikuwa hewa safi ya mlimani, chakula na kupumzika, basi. Ndiyo matibabu yale yale ambayo Chopin alikuwa akiyatafuta Majorca miaka karibu 90 kabla.

Lakini nchi yetu haikuishia hapo, na hili tunalisema kwa fahari. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Aliyeusaidia sana ni Dakta Karel Styblo, Mcheki ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipokuwa mfungwa katika kambi ya Wanazi. Utaratibu ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kufanya: pima makohozi, mpe mgonjwa dawa za kutosha, mtu amwone akizimeza, andika kila mgonjwa katika daftari, na ujue mwisho wake. Utaratibu uliojaribiwa katika wilaya zetu ndio ambao miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza kwa mataifa mengine. Muuguzi wa zahanati ya kijijini aliyejaza daftari lile kwa kalamu ya wino alikuwa akiufundisha ulimwengu, pengine bila kujua.

Itilima na Maswa

Siku zilizofuata tulikwenda Lagangabilili, makao makuu ya Itilima, kisha Maswa. Barabara za ndani ni za vumbi, na vumbi la Simiyu hupenya hata kwenye sanduku lililofungwa. Tuliingia nyumba nyingi. Mahali pengi dirisha lilikuwa dogo kama kitabu, tena limezibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Ndani wanalala sita. Palipokuwa na mtu anayekohoa tulikuta, zaidi ya mara moja, kikombe kimetengwa na dirisha limefungwa. Yaani kisicho na hatia kimehukumiwa, na mlango wa ugonjwa umeachwa.

Basi akina mama wenzetu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na tuyashike haya machache:

Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, au akiwa na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, apelekwe kupimwa makohozi. Kupima na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Mashine za sasa hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi.

Matibabu ya kawaida ni miezi sita. Wengi hujisikia vizuri mapema, wakaacha dawa. Hapo ndipo ugonjwa unaporudi ukiwa sugu. Msaidieni mgonjwa afike mwisho.

Baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi, wagonjwa wengi hawaambukizi tena. Kabla ya hapo, afunike mdomo anapokohoa, alale penye hewa, na dirisha lifunguliwe. Watoto na wote wanaoishi naye wapimwe.

Sahani, kikombe, kitanda na shuka haviambukizi kifua kikuu. Mle pamoja.

Na kwa kuwa Simiyu ni nchi ya ng'ombe, maziwa yachemshwe. Ng'ombe nao wana kifua kikuu chao, na maziwa mabichi huweza kukileta nyumbani.

Piano iliyobaki

Tuliporudi tulimuuliza mwalimu wa kwaya kilichoipata piano ya Chopin kule Majorca. Alikuwa ameletewa kutoka Paris, piano ya kiwanda cha Pleyel, ikakwama forodhani wiki kadhaa na kumfikia wiki chache tu kabla ya kuondoka kisiwani. Kuirudisha ilikuwa gharama kubwa. Walipotaka kuiuza watu waliogopa kuigusa, kwa kuwa mwenye kifua ameipiga. Mwishowe aliyekubali kuichukua ni mama mmoja wa Palma, mke wa mwenye benki aitwaye Canut. Aliiweka nyumbani kwake.

Vitanda vilichomwa, na hakuna aliyepona kwa moto ule. Piano ipo hadi leo, Valldemossa, na wageni huenda kuitazama. Ilibaki kwa sababu mwanamke mmoja hakukiogopa chombo kilichoguswa na mgonjwa.

Mkifika Bariadi, kuleni michembe, nunueni pamba ya kujazia mito, na itikieni salamu vizuri. Na mkialikwa chakula katika nyumba yenye mgonjwa, kaeni mle naye.